Akikwambia utupe dawa, muulize kuhusu tini za Hezekia

Huenda unamjua mtu kama huyu, na huenda ni wewe mwenyewe. Alienda kesha Ijumaa, akaitwa mbele, akawekewa mikono, akaanguka, akaamka analia kwa furaha. Kufikia Jumatatu vidonge vyake vilikuwa kwenye ndoo ya taka nyuma ya ploti. Ukimuuliza, anakujibu kwa upole kabisa: Mungu hafanyi kazi nusu nusu, nikimeza dawa ni kama nimemwambia simwamini.

Jibu hilo lina sauti ya imani, ndiyo maana wengi wetu hunyamaza. Nani anataka kuonekana anashindana na Mungu? Lakini mimi nashikilia kwamba halikutoka kwenye Biblia. Lilitoka kwa mtu mwenye maikrofoni. Na kwa kuwa Biblia unayo kwenye simu, fungua tuangalie pamoja. Haitakula bando.

Anza na 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia, mfalme wa Yuda, yuko mahututi. Nabii Isaya anamletea habari mbaya: tengeneza mambo ya nyumba yako, kwa sababu ugonjwa huu hautoki nao hai. Mfalme anageukia ukuta, anaomba, analia. Isaya hata hajafika mbali anarudishwa na habari mpya. Maombi yamesikika, na Hezekia ameongezewa miaka 15.

Tulia hapo kidogo. Mungu ameahidi, tena kwa kinywa cha nabii wa kweli, tena kwa hesabu kamili. Kwa mantiki ya mhubiri wetu wa Ijumaa, kazi imeisha, kilichobaki ni ushuhuda na sadaka ya shukrani. Lakini angalia mstari wa 7. Isaya huyo huyo anaagiza waletwe tini zilizokandwa pamoja, zibandikwe kwenye jipu la mfalme. Zikabandikwa, akapona.

Kubandika tini kwenye uvimbe ilikuwa tiba iliyojulikana zamani zile, si muujiza. Ni kama leo nabii amalize kukuombea kisha akuulize, "Ile dawa uliyoandikiwa umenunua?" Na hakuna mahali Hezekia anaambiwa kwamba hizo tini zimeonyesha hana imani. Ahadi na dawa vimekaa kwenye aya moja bila kugombana. Ikiwa kuna nabii leo anayeona dawa ni tusi kwa Mungu, basi anajiona anamjua Mungu kuliko Isaya.

Sasa rudi nyuma kidogo, sura ya 5 ya kitabu hicho hicho. Hii ningependa isomwe kwa sauti kwenye kila hema la mikutano ya miujiza hapa nchini. Naamani ni jenerali wa Shamu, mtu mkubwa, na ana ukoma. Anasafiri hadi kwa Elisha akiwa na fedha, dhahabu na mavazi ya kubadilisha. Kumbuka, huyu ndiye mgonjwa ambaye kila mtumishi wa siku hizi angemwekea kiti cha mbele. Elisha hatoki hata mlangoni. Anamtuma mtu amwambie akaoge mara saba mto Yordani. Naamani anakasirika, na sababu ya hasira yake inachekesha: alitarajia nabii atoke nje, asimame, aite jina la Mungu wake, apungepunge mkono juu ya kidonda. Alitaka shoo. Hakupewa. Watumishi wake wakamtuliza, akaenda akaoga, akapona.

Akarudi na shukrani, na Elisha akakataa kuchukua chochote. Aliyeona hiyo ni hasara ni Gehazi, mtumishi wa nabii. Akakimbia nyuma ya gari la Naamani, akatunga uongo kuhusu wageni waliofika ghafla, akaondoka na talanta mbili za fedha na nguo mbili, mzigo uliobebwa na watu wawili. Aliporudi kwa bosi wake aliondoka na ukoma wa Naamani. Kwa hiyo ukiona nambari ya paybill inatembea chini ya skrini wakati mtu anaombewa, au ukiambiwa upande mbegu kwanza ndipo uvimbe utoke, ujue kuna mtu kwenye Biblia aliyefanya biashara hiyo, na hakuwa Elisha. Mathayo 10 iko wazi zaidi: wanafunzi wanatumwa waponye bure kwa sababu walipewa bure.

Najua mhubiri naye ana mstari wake, na si haki kuuruka. Ni 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Mfalme Asa aliugua miguu, ugonjwa ukazidi, na andiko linamlaumu kwamba hata katika ugonjwa huo hakumtafuta Mungu bali alitafuta waganga. Mstari huu umetembea sana. Ukinyofolewa peke yake unaonekana kama amri dhidi ya hospitali. Lakini soma sura yote, haina hata mistari 15. Kabla ya kuugua, Asa alikuwa amechota fedha na dhahabu katika hekalu akamhonga mfalme wa Shamu ampiganie vita. Mwonaji Hanani alipomkosoa, Asa akamtia gerezani. Sura nzima ni habari ya mtu aliyemfukuza Mungu kwenye kila jambo, siasa mpaka miguu. Kosa lake ni kutomtafuta Mungu. Hezekia alimtafuta Mungu na akabandikwa tini pia, wala hakuna aliyemsema.

Ukiingia Agano Jipya mambo ni hayo hayo. Yesu akijieleza kwa nini anakaa na watu waliodharauliwa, anatumia mfano wa daktari: anayemhitaji ni mgonjwa, si mzima. Huwezi kujifananisha na kitu unachokidharau. Yule Msamaria mwema wa Luka 10 hakusimama tu kumwonea huruma majeruhi. Alimimina mafuta na divai kwenye vidonda, akamfunga, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili nyumba ya wageni na kuahidi kulipa salio akirudi. Bima kamili, na hakuuliza kama kadi imesajiliwa. Luka aliyetuandikia hadithi hiyo anaitwa tabibu katika Wakolosai 4:14, na Paulo anamwita mpendwa. Katika safari za Paulo, mtu wa miujiza na mtu wa dawa walikuwa kwenye timu moja.

Wakatoliki wana kitabu kingine, Yoshua bin Sira, ambacho Waprotestanti hawakiweki kwenye orodha yao. Sura yake ya 38 inasema jambo lenyewe moja kwa moja: mheshimu daktari, dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Mungu, mwenye akili hazidharau. Ukiugua omba, kisha mpe daktari nafasi yake.

Waliotuletea kitabu hiki huku hawakukisoma tofauti. Kijabe ina hospitali ya kanisa tangu 1915, Tenwek kule Bomet tangu 1937. Mwaka wa 1986 Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya walianzisha pamoja shirika la MEDS la kusambaza dawa kwa hospitali zao. Watu wanaosali kila asubuhi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji wapo, tena wengi, ila hawaonekani kwenye TikTok kwa sababu wako kazini.

Sasa tufike kwenye sentensi inayoumiza zaidi, ile ya "hukupona kwa sababu imani yako ni ndogo." Sentensi hii ni katili, na inafanya kazi ya kumlinda anayeisema: ukipona sifa ni zake, usipopona kosa ni lako. Biblia yenyewe imejaa watu wa imani waliobaki wagonjwa. Elisha, yule aliyemponya Naamani, alikufa kwa ugonjwa. Imeandikwa wazi katika 2 Wafalme 13. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, na jibu lilikuwa hapana. Trofimo, mwenzake wa safari, aliachwa Mileto akiwa hawezi. Epafrodito aliugua karibu kufa. Timotheo alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, na Paulo hakumwandikia kwamba ana roho ya udhaifu inayohitaji kukemewa. Alimwambia aache kunywa maji matupu, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Kwa dunia ya wakati ule, huo ulikuwa ushauri wa afya. (Na tafadhali usinikimbilie baa na mstari huo. Limeandikwa neno "kidogo".)

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeitwa na kuulizwa imani yake iko wapi.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wa miujiza hulipita haraka sana. Yesu alipomponya mwenye ukoma katika Marko 1, alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani. Ukisoma Walawi 13 na 14 utaelewa kwa nini. Kuhani ndiye aliyekuwa kama afisa wa afya: alikagua ngozi, akamtenga mtu siku saba, akakagua tena, ndipo akatangaza kama ni safi. Na makuhani hawakuwa mashabiki wa Yesu. Kwa maneno mengine, aliyeponya alimpeleka mtu kwa mkaguzi wa nje, asiye wa upande wake, athibitishe. Nabii anayekukataza kurudi kliniki kupimwa anaogopa nini?

Hapa lazima nikutahadharishe kuhusu karatasi moja. Ukitumia ARV vizuri kwa miezi kadhaa kisha upimwe kiwango cha virusi, majibu yanaweza kurudi yameandikwa LDL. Maana yake virusi vimepungua hadi mashine haivioni. Hiyo ni habari nzuri ajabu: ukikaa hivyo, humwambukizi mpenzi wako kwa ngono. Lakini virusi havijatoka mwilini. Vimejificha, na ukiacha vidonge kwa kawaida vinarudi ndani ya wiki chache. Sasa fikiria karatasi hiyo ikipandishwa jukwaani na kusomwa kama cheti cha uponyaji. Dawa ndiyo iliyofanya kazi, mwingine amechukua sifa, na mgonjwa ameacha kitu pekee kilichokuwa kikimlinda.

Dawa za TB nazo: kwa kawaida ni miezi sita. Kikohozi huisha mapema, mwili unarudi, unaanza kujaa kwenye nguo zako, na hapo ndipo unapoona umeponywa. Ukiacha, vijidudu vilivyobaki vinaweza kujifunza kuishinda dawa, na utakaorudi nao hospitali ni ugonjwa mkaidi zaidi, ambao unaweza kumpa hata mdogo wako mnayelala naye chumba kimoja. Mwenye kisukari wa kutegemea sindano za insulini hana hata hizo wiki. Akiacha, ni suala la siku.

Kifafa ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu hapo kijana hunyang'anywa dawa na pia huitwa mwenye pepo. Nakubali kwamba katika Mathayo 17 kuna kijana mwenye dalili za kifafa ambaye Yesu anamtoa pepo. Siwezi kukificha kisa hicho. Lakini rudi Mathayo 4:24, kwenye orodha ya wagonjwa walioletwa. Wenye pepo wametajwa, kisha wenye kifafa wakatajwa kivyao, kisha waliopooza. Neno la Kigiriki lililotumika hapo linahusu mwezi, kwa sababu watu wa kale walidhani kifafa hufuata mwezi. Mathayo mwenyewe, basi, hakuona kila kifafa kuwa pepo. Na ukikatiza dawa za kifafa ghafla, unaweza kupata degedege lisilokatika, ambalo linaua. Mtu anayefanya hivyo kwa mtoto wa wenyewe kwa sababu ya sura ya 17 angesoma kwanza sura ya 4.

Halafu kamera. Marko 7, kiziwi anavutwa kando, mbali na umati. Marko 5, binti ya Yairo anafufuliwa chumbani, watu wengi wametolewa nje, wazazi wanaambiwa wasitangaze, kisha wanaambiwa mtoto apewe chakula. Nampenda sana Yesu wa mstari huo. Amefanya kubwa kuliko yote, na wazo lake la pili ni kwamba msichana ana njaa. Linganisha na binti wa miaka 19 anayeulizwa hali yake ya HIV kwenye spika, mubashara, mtaa mzima ukisikiliza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu HIV inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake, na machozi ya mbele ya madhabahu sidhani ni ridhaa.

Lakini wacha nisiwe mtakatifu wa hospitali pia. Kwa nini watu wetu wanaenda kwa nabii? Kwa sababu kule wanaitwa kwa jina. Kliniki unafika saa kumi na mbili asubuhi, unakaa kwenye benchi mpaka saa sita, unaambiwa mfumo wa SHA uko chini, kisha nesi aliyechoka anakuuliza mbele ya watu mbona ulikosa tarehe yako. Kemisti dawa ipo, pesa haipo. Yule mwanamke wa Marko 5 aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa hapo hapo: aliteseka mikononi mwa madaktari wengi, akamaliza mali yake yote, akazidi kuwa mbaya. (Luka akisimulia kisa hicho aliacha sehemu ya kuteswa na kuzidiwa. Daktari ni daktari.) Biblia haikumcheka mwanamke huyo kwa kutafuta msaada kwingine, nami siwezi. Anayestahili hasira ni anayeuona uchovu huo na kuugeuza biashara.

Na si pesa tu. Mwaka wa 2011, wengi wenu mkiwa shule ya msingi, Wakenya walipanda matatu na magari ya kukodi hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu alimwonyesha dawa ndotoni. Kikombe kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania, bei ya chini kabisa. Hakuwa Gehazi. Lakini wapo walioacha ARV wakiamini kikombe kimemaliza kazi, na virusi havikujali bei. Uaminifu wa anayekupa si kipimo cha dawa. Kisha ikaja Shakahola, 2023, kule Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Wengi wanakumbuka njaa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya njaa kulikuwa na mafundisho ya kuzuia watu kwenda hospitali na watoto kwenda shule. Haikuanzia msituni.

Kwa hiyo kama rafiki yako ametupa dawa, usianze na kumwambia nabii wake ni tapeli. Atamtetea, na utakuwa umempoteza. Omba naye kama unaomba. Kisha mwonyeshe 2 Wafalme 20, mstari wa 7, mwache aisome mwenyewe.

Na kama ni wewe uliyeacha, rudi kesho, hata kama kitabu chako cha kliniki kilienda na takataka. Kama ni ARV au TB, usifukue vidonge vya zamani kuanza mwenyewe nyumbani. Waambie idadi halisi ya siku ulizokosa, kwa sababu kuna wakati hulazimika kukupima upya kwanza. Huhitaji kueleza habari za kesha. Ukipata nesi wa makelele, omba kuzungumza na mshauri. Vituo vingi vya HIV huwa navyo, na baadhi ni vijana wanaomeza vidonge hivyo hivyo. Kama ni insulini au dawa za kifafa, usingoje kesho. Nenda leo, na umpigie mtu akusindikize.

Jumapili utaenda kanisani kama kawaida, na vidonge vyako viko mfukoni.